Jiko na Lugha: Uhakiki wa Masimulizi kuhusu Mapishi ya Nyumbani ya Wabaski

Utangulizi

Wahenga walisema: figa moja haliinjiki chungu. Darasani tumezoea kuitumia methali hii kufundishia umoja na ushirikiano, tukasahau kwamba kwanza ni methali ya jikoni. Makala haya yanairudisha jikoni, ingawa ni jiko la mbali na sisi: jiko la Wabaski. Hawa ni watu wanaoishi pande mbili za milima ya Pyrenees, penye mpaka wa Hispania na Ufaransa, karibu na Ghuba ya Biscay. Nchi yao ya jadi ina majimbo saba, manne upande wa Hispania na matatu upande wa Ufaransa. Lugha yao, ambayo wenyewe huiita Euskara, haina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote iliyo hai duniani.

Wabaski wanajulikana nje kwa mambo mawili makubwa, yaani lugha yao na chakula chao. Waandishi wengi huyachukua mambo hayo mawili kama jambo moja. Husema kwamba chakula ndicho utambulisho wa Wabaski, na kwamba anayeketi mezani pao amekwisha kuwaelewa. Makala haya yanaihoji kauli hiyo. Ninashikilia kwamba masimulizi yanayopendwa zaidi kuhusu mapishi haya yamemweka mbele mpishi wa mgahawa, mfanyabiashara na mwanachama wa klabu, yakamwacha nyuma mama aliyepika kila siku. Kwa kumwacha yeye, yameacha pia jambo linalotuhusu sana sisi walimu na wanafunzi wa lugha: kwamba jikoni ndimo lugha ilimojihifadhi ilipofukuzwa shuleni na ofisini. Nitaonyesha vilevile kwamba hifadhi hiyo peke yake haikutosha, kisha nitauliza jambo hilo lina maana gani kwetu hapa Uganda.

Simulizi la kwanza: wapishi wa nyota

Simulizi lenye nguvu zaidi leo ni lile la migahawa mikubwa. Mwaka 1976, baada ya mkutano wa wapishi uliofanyika Madrid na kuhudhuriwa na Mfaransa Paul Bocuse, kundi la wapishi wa Kibaski, wakiwamo Juan Mari Arzak na Pedro Subijana, lilianzisha vuguvugu lililoitwa upishi mpya wa Kibaski. Mwaka 1989 mgahawa wa Arzak katika mji wa San Sebastián, ambao kwa Kibaski huitwa Donostia, ulipata nyota ya tatu ya Michelin, ambayo ndiyo daraja la juu kabisa. Mwaka 2011 mji huohuo ulifungua Basque Culinary Center, taasisi ya elimu ya juu inayofundisha sayansi ya upishi.

Mafanikio haya ni ya kweli na hayana haja ya kubezwa. Ni haki pia kukiri kwamba wapishi wale wa 1976 walijiwekea lengo la kuvitafuta vyakula vya zamani vilivyokuwa vikisahaulika. Kasoro iko katika namna simulizi linavyoanza. Kwa kuanza na neno "mpya", linamfanya msomaji aamini kwamba upishi wa zamani ulikuwa kama udongo uliolala ukimsubiri mfinyanzi. Lakini mgahawa wa Arzak wenyewe unalikanusha simulizi hilo. Nyumba ile ilijengwa na babu na bibi yake mwaka 1897, ikiwa kilabu cha kawaida cha kuuzia mvinyo na chakula. Baba yake alipofariki, naye akiwa bado mtoto, aliyeliendesha jiko ni mama yake, Paquita Arratibel. Kwa hiyo aliyeitwa mwanzilishi wa upishi mpya alianza kwa kumtazama mama yake akipika. Simulizi linaloanzia mwaka 1976 limeruka vizazi viwili, na katika vizazi hivyo ndimo walimokuwa wanawake.

Simulizi la pili: mfanyabiashara na samaki mkavu

Chakula mashuhuri kuliko vyote cha Wabaski wa pwani ni samaki aina ya kodi, ambaye kwa Kibaski huitwa bakailao. Samaki huyu hakai katika maji ya kwao. Mabaharia walimfuata mbali katika bahari baridi ya kaskazini, wakamtia chumvi na kumkausha, kama ng'onda wanavyotengenezwa katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kanisa Katoliki lilikataza nyama siku nyingi za mwaka, hivyo samaki asiyeoza alipata nafasi katika kila nyumba, hata zile zilizokuwa milimani.

Mjini Bilbao kuna kisa kinachopendwa kusimuliwa kuhusu umaarufu wa samaki huyu. Inasemekana mfanyabiashara mmoja, Simón Gurtubay, aliagiza samaki "100 au 120". Kwa kuwa neno "au" kwa Kihispania ni herufi o, aliyepokea agizo aliisoma kuwa sifuri, akaleta samaki 1,000,120. Mara mji ukazingirwa katika vita vya Wakarlo vya miaka ya 1830, wakazi wakaokolewa na samaki wale, na Gurtubay akawa tajiri. Katika masimulizi mengine inasemwa agizo hilo lilipelekwa kwa telegramu. Mhakiki hahitaji kwenda mbali kuona udhaifu wa kisa hicho: miaka ile telegrafu ya umeme ilikuwa haijafika Hispania.

Tukiache kisa kama kisa, maana ngano nazo zina kazi yake. Tuulize tu kinamsifu nani. Kinamsifu mwenye bahati. Hakituambii ni nani aliyejua kumgeuza samaki mgumu kama ubao kuwa chakula. Samaki huyo hulowekwa siku nzima au zaidi, huku maji yakibadilishwa mara kadhaa ili chumvi itoke. Kisha huwekwa katika chungu kipana chenye mafuta ya zeituni yaliyotiwa kitunguu saumu na pilipili. Moto huwa mdogo sana. Mpishi hakorogi kwa mwiko, bali hukishika chungu na kukizungusha polepole, tena na tena, mpaka utomvu unaotoka katika ngozi ya samaki ushikane na mafuta na kuwa mchuzi mzito mweupe. Hakuna unga wala yai ndani yake. Mchuzi wote umetokana na mkono, subira na moto uliopimwa kwa jicho. Ujuzi huu haukuletwa na meli wala na kosa la kusoma herufi. Ulifundishwa na mtu kwa mtu, kwa maneno, mbele ya moto.

Simulizi la tatu: vyama vya wanaume

Simulizi la tatu ni la vyama vya upishi, ambavyo vingi huitwa txoko, yaani "kona". Vyama vya namna hii vilishamiri San Sebastián katika karne ya 19. Unión Artesana kilianzishwa mwaka 1870, na Gaztelubide mwaka 1934. Wanachama hukodi au kununua mahali, huweka jiko na meza, hupika kwa zamu na kula pamoja. Kila mmoja huandika mwenyewe alichotumia katika ghala la chama, kisha hulipa bila kusimamiwa. Wageni huuvutiwa sana uaminifu huo, na wana sababu ya kuvutiwa.

Wakati wa utawala wa Jenerali Franco, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939 na mpaka kifo chake mwaka 1975, vyama hivi vilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo watu waliweza kukusanyika, kuimba na kuzungumza Kibaski nje ya nyumba zao. Mchango huo usipuuzwe. Hata hivyo kwa muda mrefu wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama, na pale walipokaribishwa kula walizuiwa kuingia jikoni. Siku hizi vyama vingi vimewafungulia mlango, ingawa baadhi bado vinashikilia kanuni za zamani.

Hapa pana kejeli ambayo waandishi wa utalii huipita bila kuiona. Mwanamume anayepika mara moja kwa wiki pamoja na rafiki zake anaitwa mlinzi wa utamaduni. Mwanamke anayepika mara tatu kwa siku, siku zote za mwaka, anaambiwa anafanya kazi za nyumbani. Kazi ni ileile, na chungu ni kilekile. Kilichotofautiana ni kuwa mmoja ana katiba, mwenyekiti na mlango wenye jina, na mwingine hana.

Vitabu: jina lilipatikana, lugha ikabadilika

Yuko atakayesema: mbona wanawake hao waliandika vitabu? Ni kweli, na vitabu hivyo ni sehemu bora ya urithi huu. Nicolasa Pradera, aliyezaliwa Markina mwaka 1870 na kufungua mgahawa wake San Sebastián mwaka 1912, alichapisha kitabu cha mapishi yake mwaka 1933. Mwaka huohuo María Mestayer, mzaliwa wa Bilbao aliyejulikana kwa jina la Marchioness wa Parabere, alitoa La cocina completa. Akina dada watatu wa ukoo wa Azcaray, walioendesha mgahawa wa El Amparo mjini Bilbao, nao waliacha mapishi ambayo yalichapishwa kuwa kitabu.

Vitabu hivi vitatu vimewapa wanawake majina, lakini vyote viliandikwa kwa Kihispania. Hilo halikuwa kosa la waandishi. Wasomaji wenye fedha za kununulia vitabu walisoma Kihispania, na hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya shule. Matokeo yake ni kwamba ujuzi ulipovuka kutoka mdomoni kwenda kwenye karatasi, ulivuka pia kutoka lugha moja kwenda nyingine. Majina ya vyakula yakabaki ya Kibaski, kama nguo ya heshima inayovaliwa siku ya sikukuu, huku maelezo yote ya namna ya kupika yakihamia katika lugha nyingine.

Kwa mwalimu wa lugha hili si jambo dogo. Jina la chakula ni nomino tu, na nomino husafiri kwa urahisi. Kazi ya jikoni iko katika vitenzi, vielezi na tanakali sauti. Mtu anaweza kuagiza marmitako katika mgahawa wa Madrid au New York bila kujua neno jingine lolote la Kibaski.

Maneno yanayokaa karibu na moto

Kazi ninayoiona bora zaidi kuhusu somo hili haijulikani sana kwa wapenzi wa migahawa. Ni Atlasi ya Ethnografia ya nchi ya Wabaski, iliyotokana na juhudi za padri na mtafiti José Miguel de Barandiarán, aliyeishi kuanzia 1889 hadi 1991. Juzuu lililotangulia kutoka, mwaka 1990, lilihusu chakula cha nyumbani. Si la karamu wala migahawa. Watafiti walikwenda vijijini na dodoso moja, wakawauliza watu wa kawaida walikula nini, saa ngapi, katika chombo gani, na walikiitaje. Kati ya watafiti wa chakula, hawa ndio waliouliza swali la mwanaisimu: mnakiitaje?

Tuangalie mifano michache. Jiko, yaani chumba, kwa Kibaski ni sukalde. Su ni moto, alde ni upande. Jikoni ni "upande wa moto". Mwenye nyumba wa kike ni etxekoandre. Etxe ni nyumba, -ko ni kiambishi kinachofanya kazi karibu sawa na -a unganifu yetu, na andre ni bibi. Kiambishi hichohicho kimo katika marmitako, chakula cha wavuvi cha jodari na viazi: marmita ni sufuria, na marmitako ni "cha sufuria". Keki maarufu ya upande wa Ufaransa, ambayo duniani inaitwa keki ya Kibaski, wenyewe huiita etxeko bixkotxa, yaani "keki ya nyumbani". Dunia imeipa jina la taifa, waliyoioka wameipa jina la nyumba.

Mfano unaonipendeza zaidi ni pil-pil, jina la ule mchuzi wa samaki niliouelezea. Msomaji wa Kiswahili atadhani moja kwa moja kwamba ni pilipili, hasa kwa kuwa pilipili imo ndani ya chungu. Lakini maelezo ya kawaida ni kwamba neno hilo ni tanakali sauti: ni mlio wa mafuta yanayotokota taratibu. Jina lenyewe ni maelekezo ya mapishi. Ukisikia mlio mkali zaidi ya huo, moto umezidi. Neno hilo limetoka jikoni likaingia katika mazungumzo ya kila siku, na Wabaski husema jambo liko pil-pilean wakimaanisha kwamba ni jambo la moto linalozungumzwa kwa sasa. Hivi ndivyo lugha inavyokua: sauti ya chungu inakuwa kielezi cha habari za siasa.

Nyumba nayo haikuwa jengo tu. Majina mengi ya ukoo ya Kibaski ni majina ya nyumba. Etxeberria ni "nyumba mpya", na kutokana na umbo lake la zamani ndipo lilipotoka jina Javier au Xavier, la mtakatifu Fransisko aliyezaliwa Navarra mwaka 1506, aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea India. Wanafunzi wetu wengi Wakatoliki wana jina hilo bila kujua kwamba wamebeba nyumba ya Mbaski. Katikati ya nyumba ulikuwapo moto, na juu yake mnyororo wa kutundikia chungu, uitwao laratz. Barandiarán alirekodi desturi ya kumzungusha kuku au paka mpya kandokando ya mnyororo huo ili asitoroke. Aliyefika mbele ya moto alikuwa amefika nyumbani.

Je, asili ni nini?

Waandishi wengi hupenda kuuita upishi huu wa kale, wa tangu enzi na enzi. Hapa pia uhakiki unahitajika. Maharage meusi ya Tolosa, pilipili za Gernika na za Ezpeleta, viazi vya marmitako, na mahindi ya talo, yaani mkate bapa wa unga wa mahindi unaopigwapigwa kwa viganja na kuokwa juu ya chuma, vyote asili yake ni Amerika. Havikuwa vikijulikana Ulaya kabla ya mwaka 1492. Ukiviondoa, meza ya Mbaski inabaki na nafasi nyingi tupu.

Kwa hiyo kilichovifanya vyakula hivi kuwa vya Kibaski si mahali vilikozaliwa. Ni kwamba viliingia katika nyumba, vikapikwa kila siku, vikapewa majina na vitenzi, na watoto wakavikuta vikiwapo. Asili ya kitu cha nyumbani ni matumizi yake. Naomba msomaji aliweke wazo hili akilini, maana nitalirudia.

Jiko peke yake halikutosha

Sasa tufike kwenye hoja ngumu. Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kusema kwamba mama jikoni aliiokoa lugha ya Wabaski. Ni kauli tamu, lakini ina ukweli nusu.

Ukweli wa kwanza ni kwamba alifanya kazi kubwa. Katika shule za Wabaski ilikuwapo desturi ya pete: mtoto aliyesikika akisema Kibaski alipewa pete, naye akaitafuta nafasi ya kumpa mwenzake aliyeteleza, na aliyekutwa nayo mwishoni aliadhibiwa. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa zaidi, maana kibao cha shingoni walichovishwa watoto wetu kwa kusema lugha za mama kilifanya kazi ileile. Chini ya Franco, Kibaski kilizuiwa shuleni, ofisini na hata katika majina ya watoto. Mahali ambapo mkaguzi hakufika ni jikoni. Katika miaka ya 1940 mwalimu Elbira Zipitria alianza kuwafundisha watoto kwa Kibaski kwa siri mjini San Sebastián. Shule yake haikuwa na jengo. Ilikuwa ndani ya nyumba za watu.

Ukweli wa pili ni kwamba nyumba nyingi zilishindwa. Wazazi waliochoka kuona watoto wao wakiadhibiwa walibadili lugha nyumbani, huku wakiendelea kupika vilevile. Samaki aliendelea kuiva, maharage yaliendelea kuchemka, lakini maelekezo yalitolewa kwa Kihispania au Kifaransa. Hapa ndipo kauli ya "chakula ndicho utambulisho" inapoanguka. Kwa Kibaski chenyewe, Mbaski ni euskaldun, yaani "mwenye Euskara". Neno halimtambui mtu kwa anachokula, bali kwa anachosema.

Lugha ilipoinuka, iliinuka kwa msaada wa mambo mengine. Mwaka 1968, katika mkutano wa Arantzazu, Chuo cha lugha ya Kibaski kiliweka misingi ya Kibaski sanifu. Shule za siri zikakua na kutambuliwa. Mwaka 1979 likapatikana jimbo lenye mamlaka yake ya ndani, na mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya matumizi ya Kibaski katika majimbo matatu ya upande wa Hispania. Upande wa Ufaransa lugha hiyo haina hadhi rasmi mpaka leo.

Na matokeo? Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika majimbo yote saba asilimia 28.4 ya watu wenye umri wa miaka 16 na zaidi walikuwa wanakijua Kibaski vizuri. Mwaka huohuo watafiti waliosikiliza mazungumzo mitaani walikuta kwamba ni asilimia 12.6 tu ya waliozungumza waliokuwa wanatumia Kibaski. Pengo hilo ndilo somo letu. Shule imetoa wajuzi wengi kuliko ilivyotoa wasemaji. Wataalamu wa isimujamii wa huko wanasisitiza kwamba lugha ya kwanza ya nyumbani ni miongoni mwa mambo yanayoamua zaidi ni lugha gani mtu ataitumia akiwa huru kuchagua. Jiko bila shule lilielekea kushindwa, na shule bila jiko inatoa watu wanaojua bila kusema.

Funzo kwa Kiswahili nchini Uganda

Hali ya Kiswahili hapa kwetu ni kinyume cha ile ya Kibaski. Kibaski kilikuwa na jiko, kikanyimwa ofisi. Kiswahili nchini Uganda kimepewa ofisi, lakini hakina jiko. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kitumike rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Kabla ya hapo kwa miaka mingi kilijulikana kama lugha ya jeshi na polisi, na kumbukumbu za utawala wa Idi Amin zimekifanya kiogopwe na wengi hadi leo. Lugha iliyosikika kwanza kwenye kizuizi cha barabarani itachukua muda kupendwa mezani.

Hata hivyo si kweli kwamba Kiswahili hakijawahi kuingia jikoni mwetu. Angalia Luganda: sefuliya, ssowaani, ekijiiko, emmeeza, caayi, ssukaali. Vyombo vyetu na chai yetu vimejaa maneno yaliyopita kwa Waswahili. Lakini tazama tena kilichoingia: ni nomino. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakutajia sufuria, sahani na mwiko bila kusita. Mwulize tofauti ya kuinjika na kuepua, kuchemsha na kutokosa, kukoroga na kusonga, kupika na kuunga, kupakua na kuandaa, naye atanyamaza. Anayo majina ya vitu. Hana kazi inayofanywa kwa vitu hivyo. Yuko kama yule mlaji wa marmitako katika mgahawa wa New York.

Mwenzangu anaweza kupinga: je, tunataka Kiswahili kizifukuze lugha za mama kutoka majumbani? La hasha. Tukifanya hivyo tutakuwa tumejivika sisi wenyewe ile pete. Jiko lina nafasi ya zaidi ya chungu kimoja, na nyumba nyingi za Wabaski zinaishi na lugha mbili. Ninachosema ni kwamba lugha isiyokuwa na neno la kumwambia mtoto "punguza moto, mchuzi usikauke" itabaki kuwa lugha ya mtihani, hata ikipitishiwa sheria ngapi.

Mwingine atasema kwamba Kiswahili ni lugha ya kigeni hapa. Naomba akumbuke mahindi. Mahindi hayakuzaliwa kwa Wabaski wala kwetu, lakini leo hakuna anayeuita ugali wa posho chakula cha kigeni, wala maharage yanayoambatana nao. Yamekuwa ya nyumbani kwa kupikwa kila siku.

Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba masimulizi ya wapishi wa nyota, ya mfanyabiashara mwenye bahati na ya vyama vya wanaume, pamoja na mazuri yake, yameuficha mkono uliofanya kazi, na pamoja nao lugha iliyosemwa wakati kazi ikifanyika. Umeonyesha pia kwamba chakula kinaweza kuishi bila lugha iliyokizaa, kwa hiyo anayehifadhi mapishi hajahifadhi lugha mpaka ahifadhi na namna ya kuyasema. Nyumba, shule na dola ni mafiga matatu. Wabaski walianza na la kwanza, wakayatafuta mawili kwa tabu kubwa. Sisi tumepewa mawili, na la tatu hakuna wizara itakayotuletea.

Ninapendekeza kwa walimu wenzangu kazi moja ndogo kwa muhula ujao. Kila mwanafunzi amwendee mtu anayepika nyumbani kwao, awe mama, shangazi, jajja au kaka, amtazame akipika chakula kimoja tangu moto kuwashwa hadi kupakuliwa, kisha aandike hatua zote kwa Kiswahili bila kutumia kitenzi "kutengeneza" hata mara moja. Palipokosekana neno, aandike lile la lugha ya mama na kulileta darasani, tulitafutie mwenzake au tulipokee lilivyo. Kazi hizo zikikusanywa, idara itakuwa na kamusi ndogo ya jikoni, tena yenye majina ya waliopika.